Karatasi Niliyoibandua Getini

Siku vijana wa kitengo cha kompyuta waliponiaga nikistaafu, mmoja wao, Asma, aliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa tangu zamani, "ili tusirudie makosa, Bi Zuwena." Alisema kwa adabu tu, kama mtu anavyomsifu mkubwa wake siku ya keki. Hakujua ameomba nini. Nna miezi mitatu sasa nimekaa nyumbani, nakunywa kahawa ikiwa bado moto, jambo ambalo miaka yote ya skuli haikuniruhusu, na kila nikishika kalamu niandike mengine, mkono unakwenda kwenye lile moja. Basi nitaandika kwa mpango, tangu mwanzo, na lile nitalifikia zamu yake ikifika.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Havikuwahi kunifundisha kitu.

Nilianza kazi kwenye stoo ya vyombo, chumba kilicho chini ya ngazi katika skuli yetu ya wasichana, hapa Maskati. Haikuwa na dirisha. Mkuu wake alikuwa Mzee Khalfan, mzaliwa wa Unguja kama wazee wangu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea. Vyombo vyetu vilikuwa mashine mbili za video, taa kubwa ya kuonesha picha ukutani, spika za sherehe, na waya za umeme ambazo kila mwalimu aliziazima na hakuna aliyezirudisha.

Siku yangu ya kwanza mashine ya video ilimeza kaseti ya somo la sayansi. Mimi, kwa kutaka kuonekana hodari, nikaivuta. Utepe ukakatika. Ilikuwa ndiyo kaseti pekee ya moyo wa binadamu tuliyokuwa nayo. Nilisubiri kugombezwa. Mzee Khalfan akavuta kiti, akakaa.

"Mwanangu," aliniambia, "chombo hakijui kama umekasirika. Kwanza unakizima. Pili unakifungua. Tatu unafikiri. La nne ndiyo unavuta. Weye umeanza na la nne."

Jioni ile aliniambia nifunge stoo. Nikafunga kufuli, nikampa ufunguo. Akausukuma mlango kwa bega, ukafunguka, kufuli linaning'inia palepale. Kumbe pete ya kufuli ilikuwa imelegea miaka, na yeye aliiacha makusudi awafundishie wageni. "Hujafunga," alisema, "mpaka utoke nje, usukume kama mwizi." Nimewafundisha wengi maneno hayo. Allah amrehemu, nna hakika angenionea haya.

Miaka ikapita kama inavyopita kazini: huioni mpaka ukafungua kabati. Kaseti zikaondoka, zikaja sahani za CD. Sahani zikaondoka, ikaja maabara ya kompyuta, kila kompyuta na kifuniko chake cha kitambaa walichoshona wasichana wa somo la ushoni, kwani vumbi la Maskati halina heshima kwa mashine. Mwalimu akinipigia simu, "Zuwena, haiwaki," nilijifunza kuuliza kwa upole kama plagi iko ukutani. Aghlabu haikuwa. Kompyuta zilizokufa kweli nilizipakia kwenye gari la skuli nikazipeleka mtaa wa Ghala kwa mafundi, nikakaa juu ya kiti cha plastiki baina ya magari yaliyovuliwa milango, nikiwatazama wakitoa kipande kwa hii wakakitia kwa ile. Pale nilijifunza zaidi kuliko kwenye kozi zote nilizopewa vyeti.

Katika miaka hiyo ya kompyuta ndipo alipokuja Mwalimu Beatrice, Mkenya, mwalimu wa hesabu. Alikuwa mrefu, mtaratibu, msalaba mdogo shingoni, na alikuwa mwalimu pekee katika maisha yangu yote ya kazi aliyerudisha waya umekunjwa vizuri. Alikaa Darsait, kwenye fleti aliyochangia na rafiki yake Grace, msusi wa nywele. Walikuwa wametoka kijiji kimoja, wamesoma pamoja tangu utotoni, na ni Grace aliyemtangulia huku na kumwita. Beatrice akija stoo tukizungumza Kiswahili, chake na changu. Mimi nikisema skuli, yeye anasema shule. Nikisema "nna kazi," ananicheka, "Madam, hiyo i imeenda wapi?" Tulikuwa na mapenzi ya kazini, yale ya kuulizana khabari ya watoto na kupeana chai. Si madogo hayo.

Halafu ukaja ule ugonjwa, skuli zikafungwa, na tukaambiwa masomo yataendelea kwenye skrini.

Nyinyi mlioingia baadaye hamjui ilivyokuwa. Mnakuta kila kitu kimepangwa: kila darasa na linki yake, kila mwanafunzi na jina lake. Sisi tulipewa siku chache. Baadhi ya waalimu hawakuwahi kuiona sura yao kwenye skrini, na walipoiona walishituka wakazima kamera kwa muhula mzima. Niliifungua mikutano yote kwa akaunti moja ya skuli, ambayo mwenyeji wake nilikuwa mimi. Mwanzoni niliwapa waalimu uwezo wa kumtoa mtu, lakini mmoja, akitaka kuzima maiki ya mwanafunzi aliyekuwa na jogoo nyumbani, akawatoa wanafunzi tisa mmoja baada ya mmoja, na jogoo akabaki. Baada ya hapo niliurudisha uwezo wote kwangu. Nilijiona nimefanya la busara.

Nilikuwa mkali. Kila mkutano una nambari ya siri, kila mkutano una chumba cha kusubiri, na hakuna anayeingia mpaka nilione jina lake na nilijue. Waliokuja na jina la "Simu ya Baba" niliwaacha nje. Aliyekuja na nyota tatu badala ya jina nilimwacha nje. Na wiki ya pili ikaanza kuja, kila asubuhi saa mbili kamili, simu yenye jina la karakana ya mafriji ya Ghala. Nikaiacha nje. Inakuja, naiacha. Siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili alikuja mama mmoja skuli, amevaa barakoa, hakukubali kukaa. Binti yake, Shamsa, alikuwa darasa la nane. Simu ilikuwa ya kazi ya babaake, na mama kaja nayo.

"Mwanangu anavaa sare," aliniambia. "Anakaa mbele ya simu, anaambiwa asubiri, mwenyeji atamfungulia. Anakaa mpaka adhuhuri. Jana kaniuliza, mama, nimefanya nini? Na mimi nakuuliza weye. Kafanya nini?"

Kubadilisha jina la simu ile kulichukua dakika mbili, nikafanya palepale mbele yake. Lakini mama alikwenda kwa mudira, ndivyo tunavyomwita mkuu wa skuli, na mudira akaniita. Abla Rahma, maana waalimu wa kike huku tunawaita Abla, hakuwa mtu wa makelele.

"Zuwena, wasichana wangapi wako nje kama huyu?"

"Sijui, Abla. Nikiwafungulia bila ya kuwajua, ataingia yeyote."

"Na usipowafungulia, haingii wa kwetu. Tafuta njia."

Alisema nitafute njia. Hakusema niuondoe mlango. Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye, kwenye kichwa changu, niliyageuza maneno yake mpaka yakawa amri ya kufungua. Njia ilikuwepo, na ni hiyo mnayoitumia leo: kuwa na orodha ya simu na majina, mwalimu apewe uwezo wa kufungua na kutoa, linki ibadilishwe kila wiki. Ingenichukua siku mbili za kukaa chini na kuandika. Nilikuwa nimechoka, na zaidi ya kuchoka nilikuwa nimenuna. Nikajisemea, wanataka wazi, nitawapa wazi. Nikaondoa chumba cha kusubiri madarasa yote. Linki zikabaki zilezile, nambari za siri zilezile, muhula mzima.

Na nikafanya jengine. Walikuwepo wazazi ambao ujumbe wa simu hauwafikii, au wanasema hauwafikii. Nikachapisha ratiba ya madarasa yote, linki ubavuni, na kwa sababu printa ilikata pambizo, nambari za siri nikaziongeza kwa kalamu, kwa mwandiko wangu. Nikaibandika kwenye kioo cha kibanda cha bawabu, getini, maandishi yanaangalia barabarani. Mzazi asiyepata ujumbe apite, apige picha, aende. Nilirudi ndani nimeridhika. Sikutoka nje kusukuma kama mwizi. Mwizi asingehitaji kusukuma.

Wiki tatu halikutokea neno. Kisha Jumanne moja, saa nne asubuhi, maduka yalikuwa yameanza kuruhusiwa kufunguliwa, mimi nikaenda madukani Hamriya kuchukua hedifoni za waalimu. Madarasa sita yalikuwa yakiendelea, mwenyeji wa yote ni mimi, na laptopu yangu iko mezani nyumbani. Simu niliitia kwenye mkoba, sauti nimeizima kwa sababu ilikuwa haiishi kulia. Nikawa nabishana na muuzaji kama waya wa hedifoni ni mrefu wa kutosha.

Yaliyotokea darasa la nane niliyajua baadaye, kwa vipande. Waliingia wanaume watatu. Mmoja alifungulia muziki wa kupasua masikio. Wa pili akaanza kuandika matusi juu ya hesabu za Mwalimu Beatrice. Wa tatu aliwasha kamera na akafanya jambo ambalo sitaliandika hapa. Wasichana wale walikuwa na miaka kumi na tatu. Baadhi yao walikuwa sebuleni, na ndugu zao wadogo wamekaa ubavuni.

Beatrice alibonyeza kila alichokiona. Hakikutoka kitu, kwa sababu nilimnyang'anya uwezo. Alipiga kelele, "Tokeni! Zimeni simu zenu, tokeni wote!" lakini muziki ulimmeza. Akanipigia simu. Akanipigia tena. Alinipigia mara nne. Hapo ndipo alipotoka yeye mwenyewe, akidhani mwalimu akitoka na darasa linakufa. Mimi sikuwahi kumwambia kuwa halifi. Alipoona kwenye simu yake ya pili kuwa bado linaendelea, akachukua daftari la majina akaanza kuwapigia wazazi, mmoja mmoja, "Mzime mtoto simu, tafadhali, mzime sasa." Alishafika mzazi wa tisa nilipotoa simu yangu mkobani kumwonesha muuzaji picha ya plagi, nikaona. Nikaufunga mkutano nikiwa nimesimama dukani. Tangu watu wale walipoingia mpaka nilipofunga zilipita dakika kumi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda skuli kuandaa ripoti. Bawabu alinifungulia geti, na pale kwenye kioo cha kibanda chake nikaiona karatasi yangu. Jua lilikuwa limeshaanza kuifanya njano. Linki zote, nambari zote, mwandiko wangu. Watu wanapita, magari yanapita, kituo cha basi kiko ng'ambo.

"Wengi wanaipiga picha hii," bawabu aliniambia kwa furaha. Alitaka kunifurahisha. "Juzi vijana watatu walisimama na gari, wakasema ni za dada zao."

Nilisema, "Ratiba imebadilika." Nikaibandua. Gundi ilibakia kwenye kioo, nikaikwangua kwa ukucha. Nikaikunja karatasi mara nne nikaitia ndani ya mkoba.

Kikao kilikuwa Alkhamisi. Tulikuwa watu watano mezani: Abla Rahma, naibu wake, mzazi mmoja aliyewakilisha wenziwe, mimi, na Beatrice upande wa pili peke yake. Mkoba wangu ulikuwa chini ya kiti, na karatasi imo ndani yake. Mzazi alikuwa mkali, na alikuwa na haki. Aliuliza mambo mawili: watu wale waliipataje linki, na kwa nini mwalimu aliwaacha watoto na mashetani wale akatoka.

Beatrice alijibu la pili kwanza. Alisema alidhani akitoka darasa linafungika, na kwamba alikuwa akiwapigia wazazi. Alisema alinipigia mimi. Abla Rahma akanigeukia.

"Alikupigia?"

"Taarifa ilichelewa kunifikia," nikasema.

Maneno matatu, na kila moja ni kweli. Mngeyapima kwa mizani yoyote msingekuta uwongo ndani yake. Nimeishi nayo miaka, na najua kuwa ule ndio uwongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema.

Halafu likaja swali la linki. Nilifungua mdomo. Nadhani nilifungua ili niseme. Nataka kuamini hivyo. Lakini Beatrice, ambaye hakujua kukaa na kitu rohoni, alitangulia.

"Mimi kuna siku nilimtumia linki rafiki yangu tunayeishi naye, Grace. Ilikuwa wiki ya kwanza. Nilitaka aingie aniambie kama sauti yangu inasikika. Ni hiyo siku moja tu. Siamini kama aliipatia mtu, lakini sitaki kuwaficha."

Naibu akaandika. Mzazi akamtazama Abla Rahma. Niliona jambo zima likihama kutoka upande mmoja wa meza kwenda upande mwengine, na mimi nimefunga mdomo.

"Inawezekana, Zuwena?" Abla Rahma aliniuliza. "Kitaalamu?"

"Inawezekana," nikasema.

Mkataba wa Beatrice ulikuwa unakwisha mwisho wa muhula. Haukuandikwa upya. Hakuna aliyemfukuza, mtaniambia. Kweli, hakuna. Alipewa barua nzuri ya kumshukuru kwa utumishi wake.

Alikuja ofisini kwangu kurudisha laptopu. Alikuwa ameipangusa mpaka inang'ara, na waya wa chaji ameukunja akaufunga kwa kibana nywele. Nilijaza fomu, akatia saini. Nikamuuliza anaondoka lini, akasema ndege za kwenda Nairobi bado hazijulikani, anasubiri.

"Unasubiri Darsait?"

"Nilihama Darsait, Madam. Niko kwa watu wa kanisa letu." Aliutazama mkono wake. "Grace ameapa kwa Biblia kwamba hakumpa mtu. Lakini sasa nani mwingine? Si ni yeye tu nilimtumia? Nimeshindwa kulala nyumba moja na mtu aliniharibia hivyo, na bado ananiangalia usoni akisema si yeye."

Pale, vijana wangu, hapakuwa na kikao. Hapakuwa na mzazi wala naibu. Tulikuwa wawili, mlango umefungwa, na karatasi ilikuwa kwenye mtoto wa meza, yaani droo, shubiri moja na mkono wangu. Ningeweza kuitoa. Nikamwambia, "Pole, mwalimu."

"Asante," alisema. "Wewe ndio ulinifundisha hii kompyuta yote. Nikikuomba barua ya kusema nilijua kazi, utaniandikia?"

Nilimwandikia. Ilikuwa barua nzuri sana. Niliiandika mara tatu ili iwe nzuri zaidi.

Baada ya hapo nikawa fundi wa usalama. Nilirudisha chumba cha kusubiri, nikaandika orodha ya simu, nikawapa waalimu uwezo wa kumtoa mtu na nikawafundisha mmoja mmoja namna ya kuutumia, nikazima uwezo wa mgeni kuonesha skrini na kuandika juu yake. Linki nikazibadilisha kila Jumapili. Nikaweka nambari moja ya simu ya dharura, na mwenye kuishika haruhusiwi kuizima sauti wala kuiweka mkobani. Sheria hiyo mnaiona ya ajabu, na Asma aliwahi kuniuliza kwa nini mkoba umetajwa kwa jina. Sasa unajua, Asma. Skuli nyengine zikaniita niwaeleze. Nikasimama mbele ya watu nikasema, "Tulipata tukio, tukajifunza," na watu wakapiga makofi. Hiyo "sisi" niliyoisema ilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake.

Abla Rahma alistaafu kabla yangu. Nilimpeleka mpaka kwenye gari, nimembebea maua yake, na hata hapo sikumwambia.

Kilichonifungua mdomo siwezi kusema ni ucha Mungu. Wiki yangu ya mwisho nilikuwa nikisafisha meza, nikaitoa droo nzima nikaipindua juu ya gazeti. Kalamu zilizokauka, ufunguo usiojulikana, kibana nywele cha Beatrice, na karatasi. Nikaiona kana kwamba mtu mwengine kaiweka pale. Nikafikiri, nikiichana leo, hakuna mtu duniani atakayejua. Na mawazo hayo yakanitisha kuliko miaka yote iliyopita, kwa sababu nilikuwa nimeshaishika kwa mikono miwili.

Niliandika ripoti mpya, ukurasa mmoja, nikaibana pamoja na karatasi ile nikampelekea mudira mpya. Alisoma yote, akavua miwani.

"Bi Zuwena, haya yamepita. Unakwenda zako kwa heshima. Kwa nini ujichafue?"

"Nnataka iingie kwenye faili la Mwalimu Beatrice, Abla. Si kwenye langu."

Alinitazama sana, kisha akachukua muhuri.

Anwani ya barua pepe ya Beatrice ilikuwa kwenye ile fomu ya laptopu. Nilimwandikia kuwa nnataka kuzungumza naye, akanijibu kwa nambari ya simu tu. Nikampigia asubuhi moja. Anasomesha skuli ya msingi karibu na kwao, Kitale. Nilisikia watoto wakikariri kitu nyuma yake, halafu mlango ukafungwa na sauti zao zikafifia. Nilimweleza bila ya kupamba: geti, karatasi, mkoba, kikao. Nilimwambia kuwa siku aliyorudisha laptopu nilikuwa nayo mezani.

Nilipomaliza nikasikia kiti kikivutwa.

"Mwalimu Beatrice?"

"Niko." Akavuta pumzi. "Kazi nilipata nyingine, Madam. Kazi si kitu. Grace alinipigia simu mara ngapi sijui, mwaka mzima, sikushika. Mamake alipofariki nilijua, kijiji ni kimoja, na sikuenda kumzika. Nilikaa kwa nyumba nikasikia wakipita na jeneza wakiimba. Nilikaa tu."

Nilikisukuma kikombe changu cha kahawa mbali nami.

"Bado yuko Darsait?" aliniuliza.

"Sijui."

"Mtafute. Usimpigie simu. Usimwandikie. Nenda umwambie kwa mdomo wako, akikuangalia." Halafu akakata.

Saluni ya Grace haikuwa ngumu kuipata. Bado iko Darsait, kwenye kichochoro nyuma ya duka la vitambaa, viti viwili na kioo kimoja. Alikuwa anamsuka mwanamke mmoja, nywele zimefika nusu ya kichwa. Nilijitambulisha kuwa nilifanya kazi na Beatrice. Mikono yake ilisimama hapohapo.

"Beatrice amekufa?"

"Hapana, mzima."

Nikamwambia nikiwa nimesimama, na yule mteja akinitazama kupitia kwenye kioo. Nilipofika kwenye Biblia aliyoapia, Grace alifumba macho. Nilipomaliza, aliuliza, "Hii yote ulikuwa unaijua kabla hajaondoka hapa?"

"Nilikuwa naijua."

"Kabla hajahama kwangu?"

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa taratibu. Sikuona hasira usoni mwake, na ningependa ningeiona.

"Nilikuwa nikienda kanisa lao kila Ijumaa, siku ya ibada ya huku," alisema. "Nakaa nyuma kabisa, ndio anione tu. Ananipita kama ukuta. Nikaanza kufikiria labda kweli nilimpatia mtu nikasahau. Nilikaa nikitafuta kwa simu yangu, natafuta ni nani. Mtu anaweza kuwa mwendawazimu hivyo, mama." Akashika tena nywele za mteja wake. "Umemaliza?"

"Nimemaliza. Nnakuomba radhi."

"Nimesikia. Sasa niache nimalizie huyu, ana safari."

Nikatoka.

Siku tisa baadaye Beatrice aliniletea ujumbe. Aliandika kuwa Grace amempigia, na kwamba Disemba anakwenda nyumbani, watakwenda pamoja kwenye kaburi la mamake. Hakuandika jina langu, wala hakuandika kuwa amenisamehe, na mimi sikumuuliza.